Dakika 180 za safu ya mbele: namna ya kugawa zamu kwenye timu ya hoki ya wasichana chuoni

Walimu wengi wa magongo hapa Mombasa huandika majina kumi na moja, na wanaobaki huitwa akiba. Mimi nafundisha timu ya wasichana ya chuo, na napanga dakika kwanza, majina baadaye. Njia hii nimeichukua kwenye hoki ya barafu ya wanawake wa vyuo vya Marekani. Huku Pwani mchezo huo hauna uwanja. Wakenya wanaoucheza wamejifunzia Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari. Mechi inayoanza saa moja usiku kule Minnesota wakati wa baridi, kwetu ni saa kumi alfajiri. Naitazama kwenye simu kabla ya adhana, na macho yangu yako kwenye benchi.

Kule kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Timu iliyokamilika huwa na safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki. Safu huingia kwa zamu ya sekunde 45 hivi, hutoka, nyingine huruka ukuta na kuingia, na mchezo haujasimama. Sasa piga hesabu. Nafasi tatu za mbele kwa dakika 60 ni dakika 180. Wagawie washambuliaji 12, kila mmoja anapata 15. Wagawie tisa, wanapata 20. Mwalimu asiyewaamini zaidi ya sita anampa kila mmoja 30, yaani maradufu ya wapinzani wenye safu nne. Mapumziko nayo hupungua: kwa safu nne, msichana anafanya kazi zamu moja na kukaa tatu, kwa safu mbili, anakaa moja tu. Baada ya mbio za nguvu zote, misuli inahitaji dakika kadhaa kurudisha kile ilichotumia. Sekunde 45 za benchi hazitoshi, na zamu ya tano au ya sita utaliona hilo miguuni.

Magongo yetu ni robo nne za dakika 15, nazo pia ni 60. Ukicheza na washambuliaji watatu, dakika zako ni zile zile 180. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo na saa haisimami. Basi ruhusa ya kufanya wanavyofanya wenzetu wa barafuni tunayo tayari, ila wengi hatuitumii.

Anza na watu 18. Makipa wawili, wa uwanjani 16. Mimi huwagawa hivi: washambuliaji sita kwa nafasi tatu, viungo watano kwa nafasi tatu, mabeki watano kwa nafasi nne. Washambuliaji wanapata dakika 30 kila mmoja, viungo 36, mabeki 48. Mabeki wana nyingi kwa sababu mbio zao ni chache na kuelewana kwao ni muhimu kuliko kasi. Viungo ndio wanaoumia, maana wanakwenda na kurudi mechi nzima. Ukipata mtu wa ziada, mpeleke kwao, usimpeleke mbele.

Safu mbili za mbele zibadilishane kila dakika tano. Robo ya kwanza safu A inaanza, B inaingia, A inamaliza: A imecheza kumi, B tano. Robo ya pili geuza. Mwisho wa mechi wote wana 30. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua linapochoma na upepo wa bahari haufiki uwanjani, zamu iwe dakika tatu au nne. Saa ashike mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Asiwe mwalimu, kwa sababu mwalimu akiona mpira unaelekea golini husahau saa.

Hapa ndipo ninaposhindana na walimu wenzangu. Wanasema, "Huyu yuko moto, nimtoeje?" Mtoe akiwa moto. Ndiyo sababu ya kuwa na zamu. Ukisubiri achoke, umeshachelewa mara mbili: dakika zake za mwisho zilikuwa mbovu, na sasa atahitaji kukaa muda mrefu zaidi ndipo arudi kama alivyokuwa. Aliyetoka na nguvu zake hurudi nazo.

Usimuulize kama amechoka. Atakujibu "Niko sawa, Mwalimu" hata akiwa haoni mbele, kwa sababu anaogopa akitoka hataingia tena. Hofu hiyo huondoka akishajua kwamba dakika tano zake zinakuja bila kuziomba. Kabla ya hapo, tazama gongo lake. Msichana mwenye nguvu hukimbia gongo likiwa chini karibu na nyasi. Akichoka linapanda kiunoni, halafu analiegemea kila filimbi ikilia. Dalili ya pili ni kunyoosha mkono badala ya kusogeza miguu: anaufuata mpira kwa gongo, anagonga mguu wa mpinzani, anapata kadi ya kijani, na mnacheza dakika mbili mkiwa kumi. Ya tatu ni kimya. Beki aliyekuwa akipanga wenzake kwa sauti akinyamaza, mtoe hata kama zamu yake haijaisha. Barafuni dalili ni kuacha kupiga hatua na kuserereka tu, mgongo umenyooka. Mwili ni mmoja.

Jambo jingine la kujifunza kwao ni wapi unabadilishia. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, na benchi linakuwa mbali na eneo la kujilinda. Mabeki waliochoka hawawezi kufika benchini ili watoke, wanabaki wamenaswa mbele ya kipa wao, na mabao mengi huingia hapo. Tena timu inayokitupa kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira kutoka nusu yake hadi nyuma ya goli la wapinzani ili ipumue, hairuhusiwi kubadilisha mtu. Uchovu unaadhibiwa. Kwetu mabadiliko hufanyika karibu na mstari wa katikati, na anayeingia hasubiri filimbi ila lazima mwenzake awe ametoka kwanza. Uwanja una upana wa mita 55. Winga wa upande wa mbali ana mita zote hizo za kukimbia, na wakati huo mnacheza pungufu. Kwa hiyo mwite mpira ukiwa wenu na uko nusu ya wapinzani, au ukiwa umetoka nje. Zaidi ya hapo, mfundishe kuhamia upande wa benchi sekunde 30 kabla ya zamu yake kwisha, abadilishane nafasi na mwenzake.

Halafu kuna penalti kona, pigo la adhabu linaloanzia kwenye mstari wa goli. Ikishatolewa, huwezi kubadilisha mtu mpaka imalizike. Kama mpigaji wako ni mmoja na yuko benchi, kona imepotea. Walimu wengi wakigundua hilo humwacha mpigaji uwanjani mechi nzima, na kufikia robo ya nne hana mikono wala miguu. Barafuni mambo ni hayo hayo: wapinzani wakiadhibiwa dakika mbili, wale wale hodari huingizwa tena, na dakika zao zinavimba. Dawa ni kuwa na mpigaji, msukumaji anayeutoa mpira mstarini, na mzuiaji anayeusimamisha ili upigwe, katika kila safu. Jumanne baada ya mazoezi, safu B ibaki ipige kona peke yake, safu A wakiwa walinzi. Mwanzo zitakwenda ovyo. Vumilia.

Kina cha kikosi hujengwa na dakika zenye maana. Msichana wa mwaka wa kwanza ukimwingiza dakika tatu za mwisho mkiwa mnaongoza manne, hajifunzi kitu. Mwingize robo ya pili, mkiwa sare, katikati ya wawili wanaoijua kazi. Na kikosi cha karatasi usikiamini: wa mwaka wa tatu wataondoka kwenda mafunzo ya kazini, mitihani itawachukua wengine, mmoja atakuwa hajalipa karo, na anayetoka Likoni siku feri ikichelewa atafika robo ya kwanza imekwisha. Ndiyo maana kila mchezaji wangu anajua nafasi mbili. Mwaka 2007, Wisconsin na Harvard walikutana robo fainali ya vyuo vya Marekani. Dakika 60 bila bao, nyongeza tatu za dakika 20 bila bao, mpaka Jinelle Zaugg wa Wisconsin akafunga kwenye nyongeza ya nne. Zilikuwa zaidi ya mechi mbili nzima kwa usiku mmoja. Hakuna anayelipangia jambo kama hilo, lakini mwenye watu wengi walio tayari hulikabili vizuri zaidi.

Sasa joto. Mpime kila mmoja uzito kabla na baada ya mazoezi, faraghani, na namba zake zibaki kati yako naye. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Akipoteza zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake, mchezo wake utashuka. Msichana wa kilo 55 anafika hapo kwa kilo moja na kidogo, na hilo kwenye joto letu si ajabu, hasa kwa wanaocheza na hijabu na suruali ndefu. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo kuliko inayotoka na jasho. Tia chumvi kidogo. Anayetapika au kuharisha mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, na siku hiyo hachezi.

Mwezi wa Ramadhani usipange mechi za mchana ikiwa una sauti kwenye ratiba. Mazoezi yawe mafupi, ya gongo na mpira bila mbio, karibu na magharibi, ili wafuturu mara tu wakimaliza. Au yafanyike usiku baada ya tarawehe kwa wanaoruhusiwa nyumbani. Zungumza na wazazi mapema, wao wenyewe, usimtume binti.

Kuna uchovu usioondoka kwa kupumzika. Msichana analala vizuri, anakula, na bado anapumua kwa shida kwenye mbio alizokuwa akizimudu. Mpeleke akapimwe damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na wenye hedhi nzito hufika huko bila kujua. Dawa ataandikiwa na daktari. Wewe mshauri kuhusu sahani: maini, kunde, dengu, mchicha, na ndimu au embe pembeni kwa sababu husaidia chuma kuingia mwilini. Chai iwekwe mbali na chakula kwa saa moja au mbili, maana huzuia chuma hicho. Kwa watu wa Mombasa hili la chai ni gumu kuliko mazoezi yote niliyotaja.

Wikendi za Nairobi ndizo zinazopima kazi yote. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hucheza Ijumaa na Jumamosi na mpinzani yule yule. Sisi tunapanda treni Miritini, tunacheza City Park Jumamosi na tena Jumapili, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 ambako joto ni afueni lakini pumzi ni fupi. Jumamosi jioni, nusu saa baada ya mechi, kila mmoja anipe alama moja hadi kumi ya ugumu alioupata. Nazidisha kwa dakika alizocheza. Aliyecheza 36 akasema nane ana 288. Aliyecheza 30 akasema tano ana 150. Orodha hiyo, kutoka ndogo hadi kubwa, ndiyo inayoamua nani ataanza Jumapili na zamu ya nani itapunguzwa dakika moja. Naisoma mbele ya wote wakati wa chakula, ili anayeanzia benchi ajue ni hesabu iliyomweka pale. Jumatatu hakuna mazoezi.