Mfanyakazi kichwa hakijatulia? Fanya haya kabla hujamtafuta mwingine

Mi nina tanuri la mikate hapa Ngamiani, Tanga, tuko watu tisa, na haya ninayoandika nimejifunza kwa hasara. Mwaka juzi fundi wangu wa kukanda, kijana aliyekuwa anakadiria maji ya unga kwa macho tu, alianza kuchelewa. Mara kasahau chumvi. Mara katia hamira mara mbili, donge linafura mpaka linamwagika nje ya beseni na yeye kasimama analitazama, mikono imejaa unga, ukimwita hageuki. Nikamkata mshahara, nikamgombeza mbele ya wenzake, mwezi wa pili akaondoka. Niliyemuweka badala yake alinichukua karibu miezi mitatu mpaka mikate ikarudi ladha ile, na hapo wenye maduka wawili wa Chumbageni walishahamia kwa mwingine. Baadae ndo nasikia kijana alikuwa na mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba kubwa, na mkewe alijifungua, mtoto akafariki. Nilikuwa naye kila usiku na sikumuuliza hata siku moja, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika siku ambazo watu hawakuja, walizochelewa, mzigo ulioharibika, wateja waliolalamika, na mtu akiacha kazi andika imekula shilingi ngapi mpaka mgeni akawa mzoefu. Mi nilipopiga hesabu ya yule kijana ilipita mishahara yake ya miezi mitano. Kumpa wiki mbili alale na advansi ya kumaliza mkopo mmoja isingefika hata miezi miwili. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani walishasema mwaka 2022 kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi vinapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani, hasara ya dola trilioni 1, na WHO hao hao wana hesabu kwamba kila dola 1 inayowekwa kutibu hali hizo inarudisha dola 4 kwa afya bora na kazi kufanyika. Mkubwa wa ofisi akisikia hivyo anaona ni mambo ya Ulaya, ila mwonyeshe daftari lake mwenyewe atanyamaza. Na angalia vizuri, anayekula hela nyingi kuliko wote ni yule anayekuja kila siku lakini umekuja mwili tu, huyo hayumo kwenye orodha ya wasiokuja kwa hiyo humuoni.

Ukishaona mtu kabadilika, muulize, na hapa ndo wengi tunaharibu. Usimuulize mbele ya watu, usimuulize saa ile ile amekosea, wala siku ya mshahara. Halafu kwetu Tanga salamu ni ndefu, habari za nyumbani salama, watoto salama, kazi salama, atakujibu salama hata kama usiku kucha kalia, hiyo ni adabu tu, ngoja salamu ziishe. Mi nakaa nao kwenye benchi la nyuma na chai ya rangi, saa kumi na moja alfajiri, mikate ya kwanza ikishatoka. Mwaka jana dada wa kaunta alikuwa anarudisha chenji ya elfu ishirini mteja kampa elfu kumi, mara tatu ndani ya wiki moja. Nikamwambia mdogo wangu, hela tumeshaziacha, wiki hizi nakuona umechoka sana, nini kinakusumbua? Akasema hakuna kitu dada. Nikanyamaza, nikammiminia chai tena. Kikombe kimefika nusu ndo akasema, "Dada mi silali, nahesabu mabati mpaka adhana." Ungeshaanza kumpa mawaidha hapo usingesikia neno hilo.

Akishasema usijifanye daktari. Hospitali ya Bombo ina watu wa afya ya akili, mpe ruhusa aende, na nauli kama unaweza. Kwao wakitaka kumpeleka kwa shehe asomewe usigombane nao, omba tu na hospitali aende. Ila mtu akitamka habari za kufa au kujidhuru usimwache peke yake hata dakika, ita ndugu yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Sheria nayo ijue, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari siku 63 za mshahara kamili na nyingine 63 za nusu mshahara ndani ya miezi 36, na kichwa kikiugua ni ugonjwa kama malaria. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 kwa saa.

Kilichobadilisha zaidi kazini kwangu lakini ni mshahara kutoka tarehe ile ile kila mwezi. Zamani nilikuwa nawalipa wateja wakinilipa, leo, kesho, wiki ijayo, na humo katikati ndo mtu anakimbilia kausha damu. Sasa tarehe 28, na advansi ipo mpaka theluthi ya mshahara, bila riba, tunaandikishana. Zamu za usiku pia hamna mtu anapiga zaidi ya wiki mbili mfululizo.

Siri yake ibaki kwako. Usiitupe kwenye grupu la WhatsApp hata kama unaombea dua, na mtu akimwita mwenzie chizi mkemee hapo hapo kila mtu asikie.

Na akirudi usimrundikie kazi siku ya kwanza. Yule dada alikaa nyumbani siku kumi na nne, alivyorudi wiki ya kwanza nikamuweka kufunga mikate tu, asubuhi, mbali na hela. Wiki ya pili akakaa kaunta nusu siku na mimi pembeni. Ya tatu akaniambia mwenyewe, dada nenda kapumzike, naweza.