Ndimu usoni na jua la Mwanza haviendani

Mnaoshinda juani Mwaloni Kirumba mkianika dagaa, msijipake ndimu usoni eti iondoe madoa. Maji yake yana kemikali zinazoamshwa na jua: baada ya siku moja au mbili ngozi inababuka, pengine inatoa malengelenge, halafu linabaki doa jeusi la miezi. Alovera sawa, ila jioni. Kata jani, lisimamishe lichuruzike ule utomvu wa njano unaowasha, ndipo upake ute wa ndani. Unapoza tu, haukingi jua. Kinachochelewesha makunyanzi ni kofia pana na losheni ya jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, ikirudiwa kila baada ya saa mbili. Mafuta ya nazi? Yanalainisha, basi.