Jinsi ya kuiona selimundu ndani ya himoglobini, atomu kwa atomu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Katika jeni ya HBB (inayotengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini), kromosomu ya 11, herufi tatu za DNA GAG zikigeuka GTG, asidi amino (kipande cha kujengea protini) ya sita ya mnyororo huo huwa valini badala ya glutamati. Kwa nini kidogo hicho kipinde chembe nzima ya damu? Fungua kompyuta yenye kivinjari na intaneti ujionee. Hakuna cha kusakinisha wala kulipia. Simu nayo itafungua, ila kulenga atomu kwa kidole ni taabu.

Hatua ya 1: himoglobini ya kawaida. Ingia rcsb.org, hifadhi ya maumbo ya protini, tafuta umbo lenye namba 2HHB, fungua mwonekano wa 3D. Minyororo ya alfa ni A na C (asidi amino 141 kila mmoja), ya beta ni B na D (146). Kwenye mstari wa mfuatano ulio juu chagua B, bofya nafasi ya 6. Glutamati iko juu ya uso wa protini, ina chaji hasi, imeelekea majini.

Ripoti za jenetiki huandika p.Glu7Val, yaani glutamati ya 7 imekuwa valini. Ni badiliko hilohilo: wao wanahesabu metionini ya mwanzo, ambayo hukatwa baadaye.

Hatua ya 2: himoglobini S, ile ya selimundu. Fungua 2HBS. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiona minyororo minne tu, programu imekuonyesha molekuli moja, na ugonjwa wenyewe uko *kati ya* molekuli mbili. Kwenye paneli ya "Structure" badilisha "Assembly" iwe "Model". Minyororo itakuwa minane, A hadi H.

Bofya valini ya 6 katika B, D, F na H, mmoja baada ya mwingine. Usishtuke ukiikuta inaning'inia bila kugusa kitu. Katika kila molekuli ni beta moja tu ambayo valini yake hutumika kwenye mshikano huu. Tafuta ile iliyojichomeka kwenye kishimo cha molekuli jirani, kati ya fenilalanini 85 na leusini 88. Pima umbali wa kaboni zao: tarajia angstromu 4 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Usitafute kifungo cha kemikali, hakipo. Zote tatu zinakimbia maji, basi zinakumbatiana kama matone ya mafuta kwenye mchuzi. Molekuli hupangana nyuzi mbili mbili, nyuzi 14 husokotwa kuwa ugwe mgumu, na ugwe ndio unaoivuta chembe iwe mundu.

Hatua ya 3: oksijeni ikiwepo. Fungua 1HHO. Safari hii acha "Assembly", kwa kuwa "Model" itakupa nusu ya molekuli. Linganisha 85 na 88 za beta na zile za Hatua ya 2: helikisi E na F (sehemu za mnyororo zilizojizungusha kama springi) zimesogea, kishimo kimebana, valini haiingii vizuri. Ndiyo maana ugwe hujengeka baada ya oksijeni kushushwa. Mgonjwa akipungukiwa maji hali huwa mbaya zaidi, maana himoglobini hubanana ndani ya chembe na kukutana upesi.

Hatua ya 4: nafasi ya 87. Rudi 2HBS, bofya 87 ya beta: ni threonini, jirani kabisa na kishimo. Himoglobini ya kichanga ina mnyororo wa gama, na hapo gama ina glutamini, ambayo huvuruga mshikano. Dawa ya hidroksiyurea huongeza himoglobini hiyo ya kichanga. Valini inabaki palepale, ila ugwe unakawia kujisokota.