Kuusikiliza muziki wa kinanda wa Arvo Pärt, hatua kwa hatua

Wapiga kinanda wengi wa makanisani wanamjua Bach na Händel, ila ukiwauliza kuhusu mtunzi wa zama zetu wananyamaza. Mimi huwaanzisha na Arvo Pärt, Mwestonia aliyezaliwa mwaka 1935. Vipande vyake vya msingi vya kinanda cha mabomba (ogani) ni vinne tu, na vyote kwa pamoja havifiki saa moja.

Hatua ya 1: Andaa masikio

Spika ya simu haifai hapa. Noti ya chini kabisa ya bomba la futi 16, ile inayopigwa kwa mguu, hutetema kama mara 33 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuitoa. Vaa spika za masikioni zilizo nzuri. Tafuta albamu ya Christopher Bowers-Broadbent iitwayo Trivium, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya ECM mwaka 1992. Vipande vyote vinne vimo.

Hatua ya 2: Gusa kinanda kwanza

Hatua hii simruhusu mwanafunzi airuke. Mwaka 1976 Pärt alianza kutunga kwa mtindo alioupa jina tintinnabuli. Kuna sauti mbili: moja inatembea noti kwa noti, nyingine inaruhusiwa noti tatu tu za kodi ya msingi (kodi, yaani chord, ni noti zinazopatana zikipigwa pamoja).

Kaa kwenye vitufe vyeupe. Mkono wa kulia upige l t d r m (la, ti, do, re, mi), polepole. Mkono wa kushoto, kwa kila noti, upige noti ya chini yake iliyo karibu zaidi kati ya l, d na m. Kwa hiyo chini ya l utapiga m. Chini ya t, l. Chini ya d, l tena. Chini ya r, d. Chini ya m, d. Kisha rudi ulikotoka.

Sikiliza t inavyokwaruzana na l, halafu d inavyotuliza. Kwenye r mkwaruzo unarudi, kwenye m unatulia. Rudia mpaka mikono ifanye yenyewe. Ukishaisikia kanuni hii vidoleni, muziki wa Pärt hautakuwa mgeni kwako tena.

Hatua ya 3: Pari intervallo

Ni sauti nne: mbili zinatembea sambamba bila kusogeleana wala kuachana, na mbili zinashika noti za kodi. Ni zoezi lako mara mbili. Msome Warumi 14:8 kwanza, maana ndio mstari unaoambatana na kipande hiki. Fuata sauti moja mwanzo hadi mwisho, kisha rudia na nyingine.

Hatua ya 4: Annum per annum

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Alikitunga mwaka 1980 kwa ajili ya Kanisa Kuu la Speyer, Ujerumani. Sehemu zake tano zina herufi tu: K, G, C, S, A. Aliyezoea Misa atazitambua mara moja: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei.

Usiruke mwanzo. Kinanda kinaanza kwa nguvu zote, sauti inapungua, na mwishowe mota ya upepo inazimwa. Upepo unapokwisha mabomba hayanyamazi pamoja: mengine yanashuka sauti, mengine yanakata mapema. Kinanda cha umeme, hata ukipunguza sauti kwa pedali, hakikupi hilo. Baada ya A, mwendo ule unageuzwa, sauti inakua kutoka kimya hadi kinanda kizima.

Hatua ya 5: Viwili vilivyobaki

Trivium (1976) ni kifupi, chenye sehemu tatu. Mein Weg hat Gipfel und Wellentäler (1989) kina haraka zaidi. Mstari uleule unapanda na kushuka kwa kasi tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo ushike ule wa polepole kwanza.

Hatua ya 6: Linganisha

Chukua rekodi nyingine ya Pari intervallo iliyofanywa kanisa tofauti. Pima muda wake, kisha sikiliza mwangwi: mpigaji aliye kwenye jengo lenye mwangwi mrefu mara nyingi hupunguza mwendo ili noti zisirundikane. Ukilisikia hilo, nenda kaipige kanisani kwenu na uchague mwendo kwa kusikiliza kuta zenyewe.