Nani baba wa vifaranga hawa? Namna ya kuhakikisha kabla ya kuatamisha

Siku 9 zilizopita yaya (dada) mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniita nimwangalizie jogoo wake. Alikuwa amenunua kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, ili apate vifaranga wa aina hiyo. Wakaanguliwa 11, na 7 kati yao wana shingo zenye manyoya mpaka kidevuni. Alikuwa tayari kumrudisha kwa aliyemuuzia.

Nilimshika jogoo nikamgeuza shingo. Kishingo aliyepata urithi huo kwa baba na kwa mama huwa na shingo karibu tupu kabisa. Aliyeupata kwa mzazi mmoja tu hubaki na kishada cha manyoya mbele, juu kidogo ya gole. Huyu hakuwa na kishada. Maana yake kila mtoto wake lazima azaliwe na shingo wazi, hata kama mama ana manyoya; hapo huwa na kishada. Basi wale 7 si wake. Ni wa jogoo wa zamani, aliyechinjwa kwa sikukuu siku ileile huyu mpya alipoletwa.

Hatua ya 1: Tia alama. Kila kuku jike apate rangi yake mguuni. Tumia kitambaa, mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Usitumie nailoni, huingia kwenye nyama mguu ukinenepa.

Hatua ya 2: Usimtaje baba kwa kuangalia nani amempanda nani. Jogoo mkubwa hulinda wake zake. Hutembea ubavuni mwa kuku anayetaga, hushusha bawa moja na kumzunguka, hudonoa punje ya mahindi na kuiachia chini huku akiita ko-ko-ko ili jike aje ale. Jogoo mdogo hungoja mkubwa ageuke. Jike akipandwa kwa nguvu hupiga kelele, na mkubwa huja mbio kumsukuma mwenzake. Angalia kuanzia saa tisa alasiri, maana asubuhi majike wengi wana yai gumu ndani na majogoo hupanda zaidi jioni.

Lakini hata ukihesabu vizuri, hujapata baba. Jike mwenyewe ana uamuzi. Mwaka 2000, watafiti Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha kwamba kuku wanaoishi huru hutoa nje mbegu za majogoo wa cheo cha chini. Nimeliona kwetu Bagira: jogoo mdogo alishuka nyuma ya mgomba, jike akajikung'uta, akabana, na tone jeupe likaanguka kwenye jani kavu. Ningekuwa mbali kidogo ningeandika kwamba kijana amefaulu.

Hatua ya 3: Ngoja wiki 3 bila jogoo yeyote. Hapa ndipo mimi nilipoteza miatamio miwili, kwa hiyo soma polepole.

Kuku jike ana vijifuko vidogo sana ndani ya njia ya mayai, karibu na mwisho wake. Mbegu hukaa humo, zikitoka kidogo kidogo. Kupandwa mara moja kunatosha mayai ya wiki 2, na mara nyingi hufika 3. Jogoo umeshamla, bado anazaa.

Wengi watakuambia weka jogoo mpya leoleo, kwa kuwa mbegu za wa mwisho hutangulia. Ni kweli kwamba mara nyingi wa mwisho hupata sehemu kubwa. Anayetaka kujua ukoo hawezi kujenga juu ya "mara nyingi".

Siku zihesabiwe tangu jogoo wa mwisho alipowafikia. Jogoo wa jirani akiruka uzio mara moja, anza upya. Na vijana wako pia uwatoe! Mwatamio wangu wa pili uliharibika hivyo: nilingoja wiki 3 kamili, kumbe ndani ya kundi kulikuwa na kijogoo wa miezi 5 ambaye hata kuwika sijawahi kumsikia.

Hata wiki 3 zikiisha, usiamini kalenda peke yake. Mayai ya siku hizo ni ya kula, basi kabla ya kukaanga vunja kila moja kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Mwanga wa simu hung'aa juu ya kiini ukakudanganya, mimi nautumia mwanga wa asubuhi tu. Tafuta doa jeupe juu ya kiini. Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo kizito, kingo zake hazilingani. Yai lenye mbegu lina doa pana zaidi, kama milimita 4, lenye duara kama bangili. Jike akitoa mayai 3 mfululizo yasiyo na bangili, huyo yuko tayari. Kila mmoja humaliza kwa siku yake, ndiyo maana ya vitambaa. Ili ujue yai ni la nani, mfunike jike chini ya tenga asubuhi mpaka atage.

Hatua ya 4: Ingiza jogoo mmoja. Majike 10 wanamtosha. Yai la kesho yake ulile, kwa sababu lilikuwa njiani tayari: tangu kiini kitoke mpaka yai litagwe ni kama saa 25, na mbegu huingia mwanzoni kabisa, kabla ute haujakizunguka. Mimi huanza kukusanya siku ya 4.

Hatua ya 5: Atamisha, kisha soma shingo. Siku 21. Shingo wazi huonekana kifaranga akishakauka tu.

Yaya wa Kadutu sasa yuko siku ya 9 bila jogoo, kishingo amefungiwa peke yake. Asubuhi ya leo kanipigia simu: yule jike mwenye kitambaa chekundu bado anatoa bangili.