Kulanti ya Injini ya Mashua Inapopungua: Namna ya Kutafuta Inakovujia

Mwenye mashua ya matanga anayekuta kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyochanganywa na dawa, imepungua hushawishika kuongeza nusu lita na kuendelea na safari. Namsihi asifanye hivyo zaidi ya mara moja. Injini hiyo ndiyo itakayomvusha kwenye mlango wa mwamba siku ambayo upepo umekufa na maji ya bamvua yanakupwa kwa kasi, na kulanti iliyomo ndani ya mfumo uliofungwa haipotei yenyewe. Ikipungua, imekwenda kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ndani ya mashua, au baharini, au ndani ya injini, na kazi yote ya kutafuta hitilafu ni kujua imekwenda wapi kati ya mahali hapo patatu.

Injini nyingi ndogo za mashua, kama vile Yanmar 3GM30F na 3YM30 zenye silinda tatu, zina mizunguko miwili ya maji. Katika mzunguko wa kwanza, pampu inayoendeshwa na mkanda huisukuma kulanti kupitia bloku na silinda hedi, kisha kupitia kibadilisha joto, yaani kasha lenye fungu la mirija myembamba ndani yake. Mzunguko wa pili ni wa maji ya bahari, ambayo pampu yenye impela ya mpira, yaani gurudumu dogo lenye mapezi, huyavuta kupitia koki na chujio, yakapita katika mirija hiyo yakichukua joto, kisha yakatoka pamoja na moshi wa ekzosi. Kuta za mirija ndizo zinazoitenga kulanti na bahari. Kifuniko cha presha, ambacho kwa injini za namna hii hushikilia takriban baa 0.9, huizuia kulanti isichemke hata ikipita nyuzi 100 za Selsiasi, na presha hiyohiyo ndiyo inayoisukuma itoke popote penye upenyo.

Subiri injini ipoe kabisa, hata ikibidi hadi kesho yake asubuhi, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto hurusha maji yanayounguza uso na mikono. Kifuniko chenyewe ndicho cha kukaguliwa kwanza. Kina sili kubwa inayozuia presha, na vali ndogo inayofunguka injini inapopoa ili kulanti iliyosukumwa kwenye chupa ya akiba ivutwe kurudi. Vali hiyo ikikwama, au mpira mwembamba wa kwenda kwenye chupa ukipasuka, injini hupungukiwa na kulanti kila inapotumika ilhali hakuna kilichotoboka, na watu wamewahi kufungua silinda hedi bure kwa ajili hiyo. Kifuniko kipya cha kiwango kilekile cha presha ni cha bei ndogo. Mimi ningekibadilisha kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Ikumbukwe pia kwamba baada ya kulanti kubadilishwa, hewa iliyonaswa hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo kupungua kidogo mwanzoni si ushahidi wa mvujo.

Baada ya hapo kausha ngama yote, futa injini, na tandika karatasi nyeupe chini yake. Kulanti huacha doa la rangi lenye utelezi, ilhali maji ya bahari yakikauka huacha ukoko mweupe wa chumvi. Usitambue kwa kuonja, kwani ethilini glaikoli iliyomo ndani ya kulanti nyingi ni tamu na ni sumu. Binya kila mpira, hasa karibu na klipu, na utazame kwa tochi na kioo kidogo upande usioonekana. Usisahau mipira inayokwenda kwenye tangi la maji moto, kwa maana inaweza kuvuja chini ya kitanda, mbali kabisa na injini, na koili ya tangi hilo ikitoboka kulanti huweza kuingia kwenye maji ya kuogea na kupikia. Chini ya shingo ya pampu ya kulanti kuna tundu dogo lililoachwa makusudi: likidondosha maji, sili ya shafti imechoka na pampu inahitaji kutengenezwa au kubadilishwa. Usilizibe, kwa sababu maji yataelekea kwenye beringi.

Kama karatasi zinabaki kavu, tumia pampu ya mkono ya kupimia presha, ile ambayo mafundi wa magari hupimia rejeta. Ifunge kwenye shingo ya kujazia, pandisha presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko bila kukizidi, kisha uiache nusu saa huku ukiizunguka injini. Sindano ikishuka na nje hakuna tone, kulanti inaingia ama kwenye maji ya bahari ama kwenye injini.

Kibadilisha joto hupimwa kwa kufunga koki ya bahari, kufungua vifuniko vya ncha zote mbili, kukausha mirija kwa hewa na kupandisha presha tena. Mrija uliotoboka utajionyesha kwa unyevu mdomoni mwake. Katika injini ambazo vifuniko hivyo hushikilia pia sili za upande wa kulanti, jaribio hili linahitaji fundi mwenye vifaa vya kuzibia. Mrija mmoja unaweza kuzibwa ncha zote mbili ili mashua ifike bandarini, ila mirija mingi ikiwa imeliwa, fungu zima libadilishwe. Kama injini yako ina zinki ya kujitoa mhanga kwa kutu, itazame papo hapo, kwani kuisha kwake mara nyingi ndiko kulikoanzisha uharibifu.

Gasketi ya silinda hedi iliyoungua ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya kujazia, mipira inayokakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya maziwa. Oili ikiwa hivyo, usiwashe injini. Lakini kama oili imegeuka maziwa na kulanti haijapungua, shuku maji ya bahari yaliyorudi kupitia ekzosi.

Ukipatwa na mvujo safarini, funga mpira uliopasuka kwa tepu ya silikoni inayojigandisha, endesha injini taratibu, na ongeza maji baridi ya kunywa injini ikishapoa. Unga wa kuziba mivujo usiutumie, kwa sababu huziba pia mirija ya kibadilisha joto.

Matengenezo yakiisha, ifunge mashua kwa kamba imara gatini, endesha injini kwenye gia hadi ifikie joto lake la kawaida, iache ipoe, kisha weka alama ya kina cha kulanti kwenye chupa ya akiba na uitazame kila asubuhi kabla ya kuwasha.