Minyoo wa kuku wa kienyeji: dawa kwa kuku, usafi kwa banda

Mfugaji anayewapa kuku dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, lakini akaacha maranda yaliyolowa chini ya vinyweo, huwatibu kuku wale wale kwa minyoo wale wale. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevunyevu huwa tayari kuambukiza baada ya wiki mbili hivi. Kwenye udongo mbichi wenye kivuli huweza kukaa hai kwa miezi mingi. Kwa hiyo kuku na banda hutibiwa kwa pamoja.

Kabla ya kununua dawa, ni vema kujua ni minyoo gani. Kukonda, undu kupauka, mbawa kulegea, kuhara na kupungua kwa utagaji ni dalili zinazofanana na za magonjwa mengine, hasa koksidiosi, ugonjwa wa kuhara ambao hausababishwi na minyoo wala hauponi kwa dawa ya minyoo. Kuku anapochinjwa kwa kitoweo, utumbo wake upasuliwe kwa mkasi kuanzia kwenye firigisi hadi mwisho. Minyoo mviringo, weupe wenye umanjano, huonekana kwenye utumbo mwembamba, na baadhi hufikia sentimita 10 au zaidi. Tegu ni bapa, mwenye pingili, na kichwa chake kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo; pingili zake hutoka na kinyesi zikiwa kama punje za mchele. Asiye na kuku wa kuchinja apeleke kinyesi kibichi kwa afisa mifugo kikapimwe.

Tofauti hiyo ina uzito dukani, kwa sababu piperazini, dawa ya bei nafuu inayopatikana kwa urahisi, huwaondoa minyoo mviringo waliokomaa lakini haimwondoi tegu. Tegu huhitaji dawa nyingine, ambayo mtaalamu wa mifugo ataielekeza. Majani ya mwarobaini na shubiri hutumiwa na wengi, ila kipimo chake hakijulikani, nami nisingeyategemea kwa kuku ambaye tayari amekonda.

Dawa ya kuchanganya na maji hupimwa kwa uzito wa kuku kama kibandiko kinavyoeleza. Vinyweo viondolewe jioni, kwani kuku hawanywi usiku, na alfajiri yawekwe maji yenye dawa kwa kiasi watakachokimaliza katika saa chache. Vinyweo viwe vingi na vitawanywe, kwa kuwa kuku dhaifu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye minyoo wengi, hufukuzwa na wenzake na kuambulia matone tu. Mwenye kuku wachache ni bora amnyweshe kila mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Kwa kuwa piperazini haiwafikii vyema minyoo wachanga walio kwenye ukuta wa utumbo, dozi hurudiwa baada ya wiki mbili hadi nne, kwa ushauri wa mtaalamu.

Siku mbili au tatu baada ya dawa, maranda yote yaondolewe, sakafu ikwanguliwe na banda liachwe wazi likauke kabisa. Dawa nyingi za kuua vijidudu hazipenyi gamba la mayai ya minyoo. Ukavu na jua kali hufanya kazi zaidi. Kinyesi kirundikwe mbali na kuku kiive kuwa mboji. Vifaranga walelewe peke yao hadi wafikishe miezi mitatu, kwa sababu kuku wakubwa hubeba minyoo bila kuonyesha dalili. Tegu husambazwa na sisimizi, mbawakavu na nzi ambao kuku huwadonoa, hivyo mabaki ya chakula yasilale bandani. Bata mzinga nao wasichanganywe na kuku, maana minyoo wadogo wa kuku hubeba kimelea kinachoua bata mzinga kwa ugonjwa wa ini.

Kibandiko cha dawa husema pia mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Muuzaji aulizwe jambo hilo kabla ya kulipwa.